Kusafisha utumbo kabla ya kolonoskopi

Kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, ikifanywa kwenye utumbo mchafu ni hasara tupu: daktari anapitisha kamera bila kuona ukuta vizuri, na mgonjwa anaambiwa arudi siku nyingine aanze upya. Kinachotafutwa ni polipu, vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo mpana. Nyingine hazizidi milimita 5. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia humo, na kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi au zaidi kufikia hatua hiyo, kwa hiyo polipu ikikatwa mapema saratani haipati pa kuanzia. Tatizo ni zile bapa, hasa za upande wa kulia, ambazo hufunikwa na ute na mabaki ya kinyesi. Daktari anaweza kunyonya na kuosha kidogo, lakini kazi kubwa ya usafi hufanyika nyumbani.

Anza na dawa unazotumia, wiki moja kabla. Vidonge vya madini ya chuma viache siku 7 kabla, kwa sababu hufanya kinyesi kiwe cheusi na chenye kunata, na kukiosha ni kazi. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, klopidogreli au rivaroksabani, usiziache kwa uamuzi wako. Ukiziacha ovyo unaweza kupata kiharusi. Ukiendelea nazo kimyakimya polipu ikikatwa inaweza kuvuja damu. Aliyekuandikia na atakayefanya kipimo waelewane, wakupe tarehe. Aspirini ya dozi ndogo kwa kawaida huendelea.

Mwenye kisukari aulize mapema zaidi. Insulini na vidonge kama glibenklamidi hupunguzwa au kusimamishwa siku ya kutokula. Ukitumia dozi ileile, sukari itashuka ghafla. Dapagliflozini na empagliflozini huachwa siku 3 hadi 4 kabla, maana zikikutana na njaa huweza kuleta tindikali kwenye damu hata kama kipimo cha sukari kinaonyesha mambo ni shwari.

Taja pia ugonjwa wa figo au moyo kabla hujapewa dawa ya kusafishia. Ya polietileni glikoli ndiyo salama zaidi kwa figo dhaifu: karibu yote hubaki ndani ya utumbo, ikishikilia maji yake hadi yatoke. Ya kunywa yenye fosfeti ya sodiamu imewahi kuharibu figo za watu, na mwenye figo mbovu asiiguse.

Chakula hakina mambo mengi. Siku ya kabla ya kipimo, au siku 3 kabla kama una tabia ya kufunga choo, acha mbegu, karanga, mahindi, kunde, mboga za majani, matunda yenye maganda na nafaka zisizokobolewa. Wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki na kuku havina neno. Mbegu ndizo adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani: mfereji wa kunyonyea uchafu ndani ya kamera haufiki hata milimita 5 kwa upana, na mbegu chache tu zinatosha kuuziba. Ikifika zamu ya vimiminika peke yake, kunywa vinavyopenya mwanga: maji, supu iliyochujwa, juisi ya tofaa iliyochujwa, chai au kahawa bila maziwa. Epuka vyenye rangi nyekundu au zambarau, maana ndani ya utumbo huonekana kama damu. Usinywe maji matupu lita kwa lita. Changanya na supu au kinywaji chenye chumvichumvi, la sivyo sodiamu kwenye damu itashuka.

Dawa yenyewe huja ya lita 2 au lita 4, na njia bora ni kuigawa: nusu ya kwanza jioni ya kabla, nusu ya pili uianze saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na uwe umemaliza angalau saa 2 kabla ya kuingia. Kipimo kikiwa saa 2 asubuhi na nusu yako ni lita 2, anza saa 9 usiku umalize saa 11 alfajiri. Ndiyo, ni kuamka usiku wa manane, na hapo ndipo wengi huharibu. Ukiinywa yote jioni, majimaji na ute kutoka utumbo mwembamba vitaendelea kushuka usiku kucha na kutanda upande wa kulia, palepale polipu bapa zinapojificha. Kunywa glasi ya mililita 250 kila dakika 15. Ipoze kwenye friji na tumia mrija unaofika nyuma ya ulimi. Ladha yake ni ya chumvi na haisifiki.

Kichefuchefu kikizidi, pumzika dakika 30 kisha rudi na nusu glasi kila dakika 15. Lakini ukitapika mfululizo, au tumbo likivimba na kuuma huku choo wala hewa havitoki, acha dawa na uende hospitali. Huenda utumbo umeziba. Paka mafuta mazito ya ngozi kwenye njia ya haja kubwa kabla ya safari ya kwanza ya chooni, si baada ya kuchubuka.

Angalia kinachotoka. Tope la kahawia bado. Rangi ya chungwa yenye ukungu, bado. Unataka maji ya njano yanayopenya mwanga, kama mkojo. Vipande vidogo vikielea havina shida. Umemaliza dawa yote na bado ni kahawia? Piga simu kabla hujatoka nyumbani, huenda ukaongezewa dozi.

Ukipewa dawa ya usingizi, uwe na mtu wa kukurudisha, na usiendeshe gari kwa saa 24. Kabla ya kuondoka uliza mambo mawili: kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana, pale unapoungana na utumbo mwembamba, na alama za usafi zilikuwa ngapi? Kwa mfumo wa alama za usafi uitwao Boston, utumbo hugawanywa sehemu 3, kila moja ikipewa 0 hadi 3, na kila sehemu inapaswa kupata angalau 2. Sehemu moja ikipata 0 au 1, kipimo hurudiwa ndani ya mwaka. Mara hiyo usifuate ratiba ileile: tibu kwanza kufunga choo, anza chakula kisicho na mbegu wala maganda siku 3 kabla, na uombe dawa ya lita 4.