IMC ya mtoto haisomwi kwa jedwali la wakubwa

Kwa mtu mzima, IMC (namba inayolinganisha uzito na urefu) chini ya 18,5 ni kukonda. Kwa binti wa miaka 8, 15,7 ni katikati kabisa, na 18,5 tayari ni uzito uliozidi. Bila umri na jinsia, namba ya mtoto haisemi kitu.

Makosa mengi huanzia kwenye urefu. Mvue mtoto viatu, fumua na misuko iliyofungwa juu. Asimame kwenye sakafu ngumu, visigino, matako na mabega yakigusa ukuta, macho mbele. Bana kitabu chenye jalada gumu ukutani, kikilalia kichwa bila kuinama, piga alama ya penseli, kisha pima kwa metre ya chuma. Ile ya fundi wa nguo huvutika kadiri inavyozeeka. Mtoto wa kilo 24 mwenye metre 1,20 ana IMC 16,7. Mwandikie 1,22 kwa sababu ya nywele, inashuka hadi 16,1.

Mizani nayo inataka saruji iliyo sawa. Katika nyumba ya mbao ya Kadutu, hapa Bukavu, sakafu hucheza, basi itoe nje penye saruji.

Gawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe: 25 ÷ (1,26 × 1,26) = 15,7. Kisha tafuta namba hiyo kwenye mchoro wa OMS (Shirika la Afya Duniani) wa miaka 5 hadi 19, wa wasichana au wa wavulana. Juu ya mstari +1 uzito umezidi, juu ya +2 ni unene wa kupindukia, chini ya -2 amekonda. Kwa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu unafaa zaidi nyumbani: chini ya santimetre 11,5 ni hatari.

Huku Bukavu angalia mambo mawili ambayo IMC huyaficha. Binti wa miaka 8 mwenye metre 1,10 na kilo 19 anapata 15,7 ileile, kumbe amedumaa. Soma pia mchoro wa urefu kwa umri. La pili ni bwaki, utapiamlo wa kuvimba (kwashiorkor): maji mwilini huongeza kilo, na mtoto mgonjwa huonekana ana uzito mzuri. Bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, sekunde 3. Shimo likibaki pande zote mbili, acha hesabu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.