Somo: Kusoma nguo kwenye picha ya zamani ya ukoo

Ndugu zangu, salaam. Swali ni lile lile kila wiki: "Babu kavaa joho na jambia, basi asili yetu Oman?" Nimelijibu kwa mmoja mmoja mpaka basi. Sasa naliandika hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha huku. Nazungumzia picha za pwani yetu: Unguja, Mombasa, Lamu, Tanga na Dar.

Kwanza shikeni kanuni hii. Nguo hukwambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya wakati fulani, lakini haikwambii kuwa si ya baada yake. Bibi aliyepigwa picha 1950 aliweza kujitanda kisutu, khanga ya harusi, alichoolewa nacho 1920.

Hatua ya 1. Skani mbele na nyuma. Usikate kingo.

Hatua ya 2. Tafuta jina la studio. Kadi ngumu yenye jina la A.C. Gomes au Coutinho Brothers inakupeleka Unguja ya zamani. Muhuri wa Capital Art Studio hauwezi kuwa wa kabla ya 1930, maana ndio mwaka ilipofunguliwa.

Hatua ya 3. Hakikisha picha haijageuzwa kushoto kulia. Tazama maandishi ya khanga, au vifungo vya shati la kiume: hukaa upande wa kulia wa mvaaji.

Hatua ya 4. Rangi. Hapa ndipo watu wanapopotea, someni taratibu. Mpaka miaka ya 1920 sahani (vioo vya kupigia picha) na filamu nyingi hazikuiona rangi nyekundu. Chekundu kilitoka cheusi, njano nayo ikatoka nyeusi-nyeusi, buluu ikapauka mpaka ikakaribia nyeupe. Chukua kisutu, ambacho ni chekundu, cheusi na cheupe: nyekundu na nyeusi zinashikana, na unabaki na kitambaa cheusi chenye vidoa vyeupe. Mtu akiona hivyo anaandika "bibi alikuwa na msiba", kumbe ni bibi harusi! Ngozi pia hutoka nyeusi kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo msibishane nani alikuwa mweupe na nani mweusi kwa kutazama picha ya 1905. Kwenye kumbukumbu ya ukoo usiandike "nguo nyeusi". Andika "nguo iliyotoka nyeusi". Na zile programu za kutia rangi picha za zamani zinabahatisha. Msizitumie kama ushahidi, nawaomba sana.

Hatua ya 5. Taja kila vazi kwa jina, kutoka kichwani hadi miguuni. Khanga zilianza nusu ya pili ya karne ya 19, bila maneno. Maneno yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Buibui lilienea Unguja mwanzoni mwa karne hiyo hiyo. Ukaya (shela jepesi la kichwani) na kaniki (kitambaa cheusi cha bei rahisi) vinakurudisha nyuma zaidi, lakini kumbuka kanuni.

Hatua ya 6. Usikimbilie kabila wala cheo. Utumwa ulifutwa Unguja 1897, na kwenye pwani ya Kenya 1907. Waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani (pamba isiyotiwa rangi), wakavaa khanga, kanzu na kofia, mavazi waliyokuwa wamenyimwa. Walikuwa wanadai heshima yao, na haki yao ilikuwa hiyo. Tena studio ziliweza kuwa na nguo za kuazima. Joho linakwambia mtu alitaka aonekane vipi siku ile. Nasaba itafute kwenye vyeti, hati za nyumba, wakfu na midomo ya wazee.

MASWALI

Kidau: Mkuu, hii ya mwaka gani? Ni bibi yangu mzaa mama.

Jibu: Nyuma pameandikwa nini? Hatua ya 1.

Mjukuu wa Chumbageni: Ila jambia si la Waarabu tu? Babu yangu analo, na nyumbani tumeshakubaliana hivyo.

Jibu: Hatua ya 6. Mkikubaliana nyumbani, picha haibadiliki.

Binti Maskati: Shikamoo mwalimu. Niko Muscat, bibi aliondoka Unguja 1964. Kwenye picha yupo na wanawake wengine watatu, wote khanga moja. Pindoni kuna maandishi lakini si ya Kilatini. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, hiyo ni hazina. Khanga moja kwa wote mara nyingi ni sare ya shughuli, harusi hasa, kwa hiyo uliza nani aliolewa wakati huo. Skani upya pindo peke yake kwa kiwango cha juu kabisa, kisha mtafute mzee anayesoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Anayejua Kiarabu pekee atakwama. Pekua na masanduku ya jamaa, khanga yenyewe inaweza kuwa imehifadhiwa. Ukiona "K.H.E. Mali ya Abdulla", hiyo ni alama ya duka la Mombasa. Ukipata jina la khanga, rudi utuambie.

Makorora: Baba yangu kavaa bugaluu (suruali pana miguuni) na raizoni (viatu vya soli nene), ana afro. Lakini si zilipigwa marufuku?

Jibu: Operesheni Vijana, kampeni ya vijana wa TANU, ilianza Januari 1969, ikakataza sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Marufuku haimaanishi hazikuvaliwa. Weka miaka ya 1970, halafu angalia wadogo zake pichani na hesabu umri wao.

Askari Jirani: Babu ni askari wa vita vya kwanza, ana tarbushi. Mjerumani au Mwingereza?

Jibu: Swali zuri. Tafuta alama ya ndege tai mbele ya kofia na kitambaa cha kufunika shingo nyuma; hiyo ni jeshi la Mjerumani. Ukiona namba ya batalioni, elekea KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza lililoundwa 1902. Ila tahadhari: batalioni ya 6 ya KAR iliundwa upya 1917 ikiwa na askari waliotoka kwa Mjerumani. Mtu mmoja anaweza kuwa na sare mbili kwenye picha mbili, usiwafanye ndugu.

Kidau: Nyuma hakuna kitu.

Jibu: Sasa tunaweza kuanza. Anavaa nini kichwani?

Kidau: Buibui, lile la zamani la kufunga kwa kamba. Na kuna mtoto ana kaptula.

Jibu: Basi mtoto ndiye ufunguo. Muulize mama yako mtoto huyo ni nani, lakini usimtajie mwaka unaoudhania, atakufuata tu.

Binti Maskati: Na picha zilizonasa kwenye albamu za gundi?

Jibu: Usibandue kwa kisu. Skani kwanza ikiwa humo humo. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe nyuma ya picha kutoka pembe moja, polepole, kama unakata sabuni. Ikigoma, iache.