Kukunja korongo wa amani na watoto, hatua kwa hatua

Jumamosi nilikaa na watoto 18 wa Sunday school hapa Kasulu, tukakunja ndege korongo wa karatasi wa kupelekea familia zilizokimbia mauaji Kongo na Burundi, zile za kambi ya Nyarugusu. Mama mmoja kaniomba hatua zake, basi naziweka hapa kila mtu apate.

Kwanza wasimulie habari za Sadako Sasaki, binti wa Hiroshima, Japani. Bomu la atomiki la 1945 lilimkuta ana miaka 2, baadaye akaugua saratani ya damu, akawa anakunja korongo hospitalini hadi kwa karatasi za kufungia dawa, akafariki 1955 ana miaka 12. Wangu walinyamaza wenyewe.

1. A4 ya kawaida, kata mraba wa sentimita 21. Manila hapana, ni nene mno. Gundi hapana.

2. Ujumbe uandikwe kabla ya kukunja. Hapa simama nao, maana mtoto akiachwa anaandika "poleni maskini" na mimi hiyo siipitishi, hawa ni majirani zetu, waandikiwe kama unavyomwandikia rafiki: nacheza mpira, nina mdogo wangu, wewe unapenda nini. Wasiulize "mlikimbia nini", wala wasiweke namba ya simu au jina kamili. Wakongo wengi wanasoma Kiswahili, kwa Warundi ongeza neno Amahoro, yaani amani kwa Kirundi.

3. Maandishi yakikutazama, kunja katikati kwa wima, fungua, kunja katikati kwa mlalo, fungua. GEUZA karatasi, ndo ukunje kona kwa kona mara mbili. Usipogeuza karatasi itakubishia. Kusanya kona zote nne pamoja, unapata mraba mdogo.

4. Hapa ndo palinila jioni nzima. Ule mraba una ncha moja iliyofunga na ncha moja yenye kona nne zilizoachana, sasa hizo zilizoachana LAZIMA zikuelekee wewe, tumboni kwako, mi nilikuwa naziweka juu na kila korongo anaharibika sijui kwa nini. Kunja kingo mbili za tabaka la juu zije kwenye mstari wa kati, kunja pembetatu ya juu ishuke, kandamiza kwa kucha (rula ni bora zaidi), halafu fungua vyote vitatu. Sasa shika ncha ya chini, tabaka MOJA tu, ivute taratibu kwenda juu, na pembeni zitaingia zenyewe ndani kwa kufuata alama. Mtoto akivuta kwa nguvu inachanika, na akishika tabaka mbili haifunguki kabisa, kwa hiyo wekea kidole chako kwenye lile la chini akivuta. Geuza, rudia nyuma. Chini ya miaka 7 hatua hii mfanyie wewe, yeye amalizie.

5. Ncha mbili za chini zilizoachana, zipunguze upana mbele na nyuma kwa kukunja kingo zije kwenye mstari wa kati, moja ipinde kwa ndani kwenda juu iwe shingo, nyingine mkia. Pinda ncha ya shingo iwe kichwa, shusha mabawa.

6. Watunge kwa sindano na uzi mweupe, korongo kumi kumi.

Kuingia kambini kunahitaji kibali, kwa hiyo msifunge safari na watoto, mpe mtu anayefanya kazi mle ndani. Tumia boksi gumu, kwenye mfuko wa rambo wanapondeka.