Intani mpya wodini: namna ya kupata mtu wa kumuiga kwenye maadili

Wengi mkianza intaniship, yale mazoezi ya kazi ya daktari aliyetoka chuo, mnamganda yule bingwa anayetema dozi zote kichwani kwenye raundi ya kupitia wagonjwa. Sawa, ila hapo unajifunza dawa tu. Kwa upande wa maadili mtu mwangalie saa nane usiku, watu wamechoka, bosi hayupo na mgonjwa hana ndugu wala hela. Ukishindwa kumjua waulize manesi, wao wameona madaktari wengi wakija na kuondoka na hawadanganyiki kirahisi.

Ukishampata usimuige mzima mzima, chukua kitendo kimoja. Mfano ridhaa ya operesheni, wengi wanasukuma fomu tu, "mama saini hapa". Mwingine utamkuta anavuta pazia, anakaa kwenye stuli usawa wa macho ya mgonjwa, anaeleza, halafu anauliza "hebu niambie, mumeo akija jioni utamwambia kesho tunakufanyia nini?" Mama akijibu ndivyo sivyo anaanza upya, fomu inasubiri. Basi wewe wiki nzima fanya hicho tu, mpaka mkono uzoee.

Halafu muulize sababu, pembeni, raundi ikishaisha. Kwa nini alimwambia mgonjwa ukweli wakati ndugu walitaka afichwe? Usipojua sababu, kesi ikija tofauti kidogo unakwama.

Na mashujaa wasome vizuri jamani. Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor kule Gulu, Uganda, mwaka 2000 alikuwa Kampala masomoni, akaitwa kwa sababu ya ugonjwa usioeleweka uliokuwa unaua watu, akarudi, akawa wa kwanza kushtuka kwamba huo ugonjwa ni Ebola. Manesi walipotaka kukimbia kwa hofu alikaa nao akaongea nao, na yeye mwenyewe akabaki. Usiku mmoja nesi mwenzao aliyekuwa mgonjwa alizidiwa, Lukwiya akakimbilia kumsaidia akiwa na glavu, gauni na barakoa ila macho hayakukingwa kwa miwani. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Watu wanachukua ile habari ya kufa tu, mimi naona cha kuiga ni kubaki na wenzako na kuwaambia ukweli wa hatari, na kile cha miwani ni cha kujifunza usikirudie, hata kama mgonjwa ni rafiki yako.

Wabaya nao wapo, na wanaambukiza taratibu sana. Mkubwa akimtania mgonjwa mnene wodi nzima inacheka, ukifika mwezi wako wa tatu hapo unajikuta nawe unatania. Kubalianeni na intani mwenzako mmoja mshtuane mapema.

Je yule unayemheshimu naye akiteleza? Usimuumbue mbele ya watu wala usijifanye hujaona. Sogea tu useme "dokta, nivute pazia kwanza?" Wengi wataelewa, na ambaye atakukaripia kwa hilo basi tafuta mwingine wa kumuiga.