Jinsi ya kumrudisha sangara mkubwa kilindini akiwa hai

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja aliyemnasa sangara wake wa kwanza mkubwa karibu na Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Viktoria. Kumvuta samaki yule hadi kando ya boti kulimchukua dakika 25. Kumrudisha kulituchukua karibu saa mbili, kwa sababu kifaa kimoja cha chuma nitakachokieleza hapa chini tulikuwa tumekiacha ufukoni, ikabidi boti ya pili ikifuate huku sisi tukimshikilia samaki ubavuni mwa chombo.

Sangara, ambaye Waganda humwita mputa na Wakenya wa kandokando ya ziwa humwita mbuta, anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, ingawa rekodi ya dunia ya kumvua kwa fimbo ni kilo 104, na samaki huyo alitoka Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Wale wakubwa kabisa kwa kawaida ni majike. Najua wapo wanaouliza kwa nini turudishe samaki aliyeletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na kuwamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wa aina nyingi, nami swali hilo naliheshimu. Hata hivyo, leo ziwa hili linalisha watu wengi kwa sangara huyohuyo, jike mmoja mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni, na kwa kuwa bondo lake, yaani kibofu chake cha hewa, lina bei kubwa, wanaomtafuta ili wamuue ni wengi tayari. Mimi ninayemvua kwa fimbo sina sababu ya kujiunga nao.

Hatua ya kwanza: zana

Pata kibali cha mamlaka ya hifadhi au ya uvuvi ya eneo lako, kisha tumia mshipi wa kusuka wenye nguvu ya kilo 30 na breki ya rili iliyopimwa kwa mizani ya kuning'iniza isizidi theluthi ya nguvu hiyo. Mdomo wa sangara hauna meno marefu, bali una vijimeno vinavyokwaruza kama msasa, kwa hiyo mita 2 za mwisho ziwe za nailoni nene. Waya wa chuma hauhitajiki Ziwa Viktoria. Unahitajika kwenye maji anamoishi pia samaki tiga mwenye meno makali, kama Ziwa Albert na Ziwa Turkana.

Chambo bandia vingi huuzwa na ndoana zenye ncha tatu. Ziondoe zote, uweke ndoana moja moja iliyobanwa kwa koleo kishale chake, kile kijino kinachoizuia isichomoke. Katika jambo hili sina mjadala: ndoana ya ncha tatu humshika samaki mdomoni na kwenye matamvua kwa wakati mmoja, na anayevuja damu kwenye matamvua mara nyingi hawezi kuokolewa.

Hatua ya pili: kumnasa na kumvuta

Kokota chambo kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, ukipita kando ya miamba. Akishika, shusha ncha ya fimbo hadi karibu na maji na uvute kwa upande, kwa maana akitoa kichwa juu ya maji na kukitikisa huku ametanua mashavu, ndoana hulegea na kuchomoka. Usimchezee. Maji ya ziwa letu ni ya vuguvugu, hewa iliyoyeyuka ndani yake si nyingi, na sangara ni samaki anayehitaji hewa nyingi kuliko sato au kambare.

Hatua ya tatu: kando ya boti

Asipandishwe chomboni. Vaa glavu, mshike taya la chini, na mwache alale ndani ya maji huku nahodha akisogeza boti mbele taratibu ili maji yaingie mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Kumvuta kinyumenyume kunamnyima hewa. Vifuniko vya matamvua vina kingo kali zinazokata hata glavu, basi usipitishe vidole humo. Kwa uzito, pima kwa utepe urefu na mzingo wa tumbo kwa sentimita, zidisha mzingo kwa mzingo kisha kwa urefu, ugawe kwa 29,000. Samaki wa kijana yule alikuwa na urefu wa sentimita 150 na mzingo wa 105, yaani kilo 57 kwa makadirio.

Hatua ya nne: kumshusha

Hapa ndipo nilipopoteza samaki wangu bora kuliko wote miaka mingi iliyopita. Niliamini amechoka tu, nikamshika kwa zaidi ya saa moja nikingoja nguvu zimrudie, na kila nilipomwachia aligeuka tumbo juu. Jicho lake, ambalo likipigwa na mwanga hung'aa rangi ya dhahabu kama kaa la moto, lilififia mbele yangu.

Hakuwa amechoka. Alikuwa amejaa hewa. Bondo ni kibofu kinachomwezesha samaki kutulia katika kina chake bila kuzama wala kupaa, na la sangara halina njia ya wazi ya kutolea hewa mdomoni. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji, na kwenye mita 20 ni mara tatu, hivyo hewa iliyokuwa lita 4 kilindini hutaka kuwa lita 12 juu. Wapo wanaoshauri kumpandisha polepole ili azoee. Ushauri huo haufai, kwa sababu mwili wake huhitaji saa nyingi kuinyonya hewa hiyo, na wewe utakuwa unamchosha bure.

Dalili zake ni tumbo lililokaza kama ngoma, macho yaliyotokeza, na pengine kitu cha waridi kama puto mdomoni. Kitu hicho ni tumbo la chakula lililosukumwa nje, wala si bondo, na kamwe usikitoboe.

Baadhi ya wavuvi humchoma ubavuni kwa sindano yenye tundu, chini ya gamba, nyuma ya pezi la kifuani, hadi hewa itoke kwa mlio. Nimeona ikifanikiwa, lakini nimeona pia sindano ikiingia kwenye ini na kwenye mayai, na hakuna anayeona inakokwenda. Mimi namshusha kwa uzito.

Chukua kipande cha chuma cha kilo 10. Changu ni sahani ya kunyanyulia uzito. Kwa samaki wa kilo 60 hewa ya ziada inaweza kumwinua kwa nguvu ya karibu kilo 8, kwa hiyo chuma cha kilo 3 hakitafanya kitu. Jiwe pia halifai sana, maana likiwa majini hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, ilhali chuma hupoteza sehemu moja tu kati ya nane. Funga kwenye chuma ndoana kubwa isiyo na kishale, ncha yake ikitazama chini, na kamba ndefu ifungwe kwenye kipindo cha ndoana hiyo. Pitisha ncha kwenye ngozi nyembamba nyuma ya taya la chini, kisha achia kamba bila kusita. Mita za mwanzo ndizo ngumu. Akipita mita 10 hewa imekwisha kusinyaa kwa nusu, naye huanza kupiga mkia mwenyewe. Mfikishe kwenye kina alikotoka, ngoja kidogo, kisha ipe kamba mvuto mmoja mkali kwenda juu ili ndoana ichomoke.

Hatua ya tano: kungoja

Kamba ikirudi nyepesi na chuma kitupu, zima injini na ukae palepale kwa dakika 15 ukitazama upande unakoelekea upepo. Akiibuka tena, mshushe mara ya pili, mita 5 chini zaidi. Samaki wa kijana yule hakuibuka.