SOMO: Kuzoeana na kuku wa uani na kuishi na jogoo bila kuchomwa vikwaru

Habarini wakuu. Kila wiki maswali ni yale yale: "kuku wananikimbia", "jogoo ananirukia", "nimchinje au nimwache". Naandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Nazungumzia kuku wachache wa nyumbani, mitetea 5 hadi 15 na jogoo mmoja, iwe ni uani Njiro na Sakina mjini Arusha, au kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) chini ya migomba. Mwenye kuku 300 wa mayai bandani, somo lako ni jingine.

Kabla ya urafiki kuna chanjo. Kideri (ugonjwa wa Newcastle) hakijali kuku anakupenda kiasi gani. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni kwa kila kuku, kifaranga kwa mkubwa, na unarudia kila baada ya miezi 3. Ukimaliza nawa mikono na usijipanguse macho, maana kirusi cha chanjo ni hai na huwasha macho ya binadamu.

Hatua ya 1. Mlishe mtu yule yule, saa ile ile, kwa mwito ule ule. Kugonga sufuria kunatosha.

Hatua ya 2. Weka kigoda, kaa nao dakika 10 bila kumfuata yeyote. Basi.

Hatua ya 3. Chakula cha mkononi. Tumia dagaa waliopondwa au mchwa. Chukua dagaa wa Mwanza waliokaushwa juani, upepete mchanga. Dagaa wa baharini huchemshwa kwa chumvi, na chumvi nyingi inaua kuku. Mtetea mmoja hula gramu 110 hadi 130 za chakula kwa siku, na kitafunwa kisizidi sehemu moja ya kumi ya hapo, yaani gramu 12 hivi. Ukizidisha anaacha chakula chenye chokaa na madini, halafu unakuja kuuliza kwa nini mayai yana ganda laini.

Kiganja kiwe chini, karibu na ardhi, kimefunguka. Mkono unaotoka juu kwa kuku ni mwewe, hata kama umebeba dagaa. Wa kwanza kuja huwa ni mtetea mmoja mwenye ujasiri. Wengine wanamtazama yeye, hawakutazami wewe. Usijaribu kumshika siku hiyo. Mwache ale aondoke.

Hatua ya 4. Kumbeba. Anza usiku, kuku wakiwa wamepanda kwenye fito zao. Gizani haoni vizuri, hakimbii. Pitisha kiganja chini ya kifua, miguu iwe katikati ya vidole, mbawa zibanwe kati ya mkono na ubavu wako. USIMBANE KIFUA. Kuku hana ule msuli wa kupumulia tulio nao sisi chini ya mbavu. Anapumua kwa kidari kupanda na kushuka. Mtoto akimkumbatia kwa nguvu anaweza kumuua bila kujua, na kuku hapigi hata kelele. Akiachama mdomo na kuhema, mteremshe mara moja.

Mitetea mitano kwa usiku mmoja inatosha. Ukimshika, kagua miguu kama ina magamba yaliyoinuka, na manyoya yaliyo chini ya mkundu kama yana utitiri. Ndiyo faida ya kuku anayeshikika: ugonjwa unauona mapema.

Hatua ya 5. JOGOO. Hapa soma pole pole, maana makosa karibu yote yanafanyika hapa.

Majogoo wakali wengi walikuwa vifaranga vya kupakatwa. Pora, yaani jogoo kijana, aliyelelewa mkononi, analishwa mapajani, anabebwa na watoto, hukua bila kukuogopa na bila kukuona kama kiumbe tofauti na yeye. Akifika miezi 4 hadi 6 homoni zinapanda, na wewe unakuwa jogoo mwenzake uani. Hapo ndipo anaanza kupanda mabuti, kudonoa mkono, kisha kuruka na miguu mbele. Mitetea mpapase unavyotaka. Pora, akifika wiki ya 12, acha kumlisha mkononi. Mwagia chakula chini aiite mitetea yake. Hiyo ndiyo kazi yake, na jogoo anayeita majike kwenye chakula badala ya kula peke yake ndiye wa kumbakiza.

Jifunze dalili. Anatembea kiupande huku ameshusha bawa moja: hiyo ni ngoma, kwa mtetea ni uchumba, kwako ni jaribio. Anadonoa ardhi bila kuokota kitu huku jicho liko kwako: anakupima. Manyoya ya shingo yakisimama kama mwavuli uliofunguka, una sekunde moja au mbili.

Sasa fanya hivi:

Usikimbie na usirudi nyuma. Ukirudi nyuma ameshinda, na kesho atakufuata mpaka mlangoni.

Usimpige teke. Teke kwake ni pambano limekubaliwa. Utamvunja kidari au utamfanya arudi na hasira zaidi.

Simama wima, mikono imetulia, mpaka ageuke na kuanza kuchakura. Kisha endelea na shughuli zako ukipita pale pale ulipokuwa unapita. Yeye ndiye apishe. Kama anaruka kweli, ingia na ndoo au kipande cha ubao cha sentimita 40 kwa 60. Unakiweka mbele ya miguu tu, humpigi nacho. Ataruka, atagonga, atachoka.

Kwa pora anayeanza tu ukorofi, kumbeba kunasaidia: mkwapani, mbawa zimebanwa, dakika 5 hadi 10, huku unafanya kazi zako mbele ya mitetea. Mteremshe akishatulia, si wakati anapapatika. Usimkandamize kichwa chini. Wapo wanaofundisha hivyo, nami nasema ni ukatili usiofundisha kitu.

ONYO LA KWANZA: usimkamate mtetea mchana mbele ya jogoo. Mtetea akipiga ukelele, jogoo mpole kuliko wote atakurukia mgongoni. Wanaosema "alikuwa mpole, kabadilika ghafla" wachunguze hapa kwanza.

ONYO LA PILI: mtoto mdogo na jogoo mkali hawakai ua mmoja. Jogoo akiruka anafika usawa wa jicho la mtoto. Na tundu la kikwaru ni jembamba na la kina, kwa hiyo osha kwa maji mengi na sabuni, nenda zahanati uulizie sindano ya pepopunda.

ONYO LA TATU: nyumba nzima ifuate utaratibu mmoja. Wewe ukisimama imara huku dada wa kazi anakimbia na ufagio, jogoo anafundishwa kila siku kwamba ufagio unakimbizika.

Aliyezoea kushambulia watu mwaka mzima, umri umeshakwenda, hafundishiki. Supu. Na usitotoleshe mayai yake, kwa sababu ukali unarithiwa.

Hatua ya 6. Kupunguza kikwaru. Ndani kuna mfupa wenye damu, nje ni ganda kama la kucha. Unasugua NCHA TU kwa tupa au msasa, mpaka iwe butu kama ncha ya kidole. Afanye mtu wa pili, wewe umeshika. Ikitoka damu, bana na unga mkavu wa mahindi dakika kadhaa. Ile njia ya kiazi cha moto na kukizungusha mpaka ganda litoke, acheni. Inaunguza mguu na kuacha mfupa wazi.

Hatua ya 7. Kuwika. Huzuii, unapunguza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika alfajiri kwa saa iliyo ndani ya mwili wake. Hata ukimweka kwenye mwanga hafifu usiobadilika, bado anawika kwa mzunguko wake. Kwa hiyo kuziba dirisha kwa gunia hakumalizi tatizo, ila banda lenye giza na kuta nene linapunguza sauti na kelele za kujibizana na wa jirani. Dirisha lielekee kwako, si kwa jirani. Kola za kufunga shingoni simshauri mtu, zikikaza zinanyonga.

Maswali karibuni, ila soma kwanza.

Chalii wa Kijenge: Mkuu jogoo wangu mkali sana ananirukia, nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Chalii wa Kijenge: Ni ndefu mkuu, nipe kwa kifupi.

Mwandishi: Usikimbie, usipige teke. Yaliyobaki yako pale pale.

Mama Sakina: Samahani kaka, bila jogoo mitetea itataga kweli?

Mwandishi: Itataga, dada. Jogoo ni wa vifaranga na ulinzi, yai linatoka bila yeye. Ukimwondoa leo, mayai yanaweza kuendelea kuwa na mbegu kwa wiki 2, wakati mwingine 3, kwa hiyo usishangae kuku akiatamia na kutotoa.

Meku wa Kibosho: Kijana, hiyo ya kubeba kuku kama mtoto mchanga ni ya mjini. Sisi tumewabeba miguu juu kichwa chini tangu enzi za babu na hawakufa.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Wanafika sokoni hai, sikatai. Lakini kichwa kikiwa chini matumbo yanalalia mifuko ya hewa na kupumua kunakuwa kwa shida, na ile kutulia kwake mnakoita adabu ni hofu. Kwa kuku anayekwenda kuchinjwa mnaamua wenyewe. Kwa kuku unayetaka akujie kesho, unarudisha kazi nyuma.

Meku wa Kibosho: Marahaba. Hilo la mifuko ya hewa sikulijua.

Binti Machame: Habari ya kazi. Nina pora wa miezi 5, mama yake ni wa kienyeji, baba kuchi. Hajaniparamia bado, ila kila nikiingia na pumba anakuja kiupande bawa limeshuka, na anafanya hivyo nikivaa mabuti tu. Nikivaa kandambili hana habari. Mitetea ni 6. Nianze kumbeba au nimwache?

Mwandishi: Swali limekaa vizuri, dada, umeangalia. Mabuti yanatikisika na yana rangi moja nzito chini. Anaona kitu kinachomkaribia, hamwoni mtu. Vaa mabuti kila siku kwa wiki 2, ingia pole pole, simama dakika moja kabla ya kumwaga pumba. Usimwage akiwa kwenye ngoma yake, subiri ageuke, la sivyo anajifunza kwamba ngoma inaleta chakula. Mbebe jioni. Kuchi ni mbegu ya mapambano, warefu na wazito, kwa hiyo mpe mpaka afikishe miezi 8 uone. Na mitetea 6 ni michache kwa damu ya kuchi, itanyonyoka mgongo. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 12 ndiyo kiasi.

Binti Machame: Nikiongeza mitetea mingine, hawatapigana?

Mwandishi: Watapigana. Punguza kwa kuwaweka wageni ndani ya wavu, humo humo uani, wiki moja mpaka mbili, waonane bila kugusana. Kisha waingize usiku kwenye fito, wawili au zaidi kwa pamoja. Mgeni mmoja peke yake ndiye anayedonolewa na wote. Chakula kiwekwe sehemu mbili. Damu ikitoka kichwani mtoe haraka, kuku wakiona wekundu hawaachi.

Chalii wa Kijenge: Na majogoo wawili wanaweza kukaa pamoja?

Mwandishi: Waliokua pamoja, wenye nafasi na mitetea ya kutosha, ndiyo. Ukimtoa mmoja kwa wiki moja ukamrudisha, anahesabika mgeni na vita inaanza upya.

Mama Sakina: Kaka, uani kuna mparachichi. Naona wanachakura chini yake, na watoto huwatupia maganda.

Mwandishi: Watoto waache leo. Majani, ganda na kokwa la parachichi lina sumu iitwayo persini, inayoharibu moyo wa ndege. Kuchakura kivulini si tatizo, ila zoa matunda yaliyooza. Maharage mabichi pia hapana. Yaliyochemka vizuri sawa. Maganda ya viazi yenye rangi ya kijani, tupa.

Meku wa Kibosho: Na machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi? Kuku wangu wanayagombania.

Mwandishi: Mabichi ya siku ile ile, kidogo, yakiwa yamekamuliwa vizuri, hayana neno. Yakilala yanaota ukungu, na sumu ya ukungu inakula ini. Yaanike juani kwenye turubai mpaka yakauke kabisa, uchanganye na pumba, kopo moja la machicha kwa makopo manne ya pumba.

Meku wa Kibosho: Msimu huu wa baridi hayakauki huku juu.

Mwandishi: Basi mpe ng'ombe yale ya leo, kuku wasubiri jua.