Somo: Kuita gari la mtandao ukiwa Bagamoyo, na habari ya kurudi

Asalaam aleikum wakuu.

Kila wiki swali ni lile lile: "Mbona nikiita gari nikiwa Bagamoyo dereva anakubali, halafu anakansel?" Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hili. Mimi ni dereva, nakaa Nianjema, siku nyingi napiga kazi Dar. Ya abiria nayajua na ya dereva nayajua, ingawa msinidai haki sawasawa. Ugali wangu unatoka kwenye usukani.

Sababu ni moja tu: kurudi. Hapa hadi katikati ya Dar ni kilomita sitini na ushee. Programu ya simu unayoitia gari inamlipa dereva kilomita alizokubeba, basi. Za kuja kukufuata hazimo, za kurudi hazimo. Wewe uko Dunda, gari la karibu liko Kerege. Dereva anabonyeza kukubali kwa mazoea, halafu anaona kumbe anatakiwa aje mpaka mjini bure ili akupeleke Kaole kwa nauli ya chai na chapati. Anakansel. Wala si roho mbaya, ni mafuta.

Sasa fuata hivi.

Hatua ya 1. Chaji na bando. Endelea.

Hatua ya 2. Tazama saa. Asubuhi mapema magari ya huku ni machache kwa sababu wenyewe tumeshaingia Dar kutafuta riziki. Wikiendi kuanzia saa 8 mchana mambo hubadilika: wapo madereva wa Dar walioleta watu ufukweni au magofuni, wanazubaa wakitafuta kichwa, yaani abiria, cha kurudi nacho. Hao ndio wako, na huwa hawana maneno mengi kwenye bei. Ukiwa na safari ya alfajiri usitegemee programu kabisa. Ongea na dereva wa hapa hapa tangu jana yake.

Hatua ya 3. Pini, ile alama ya ulipo kwenye ramani. Usiandike "Bagamoyo" ukaishia hapo, maana ramani itakuweka inapotaka yenyewe. Ukiwa Mji Mkongwe, toka kwenye vichochoro usimame mahali panapojulikana: Boma la Wajerumani, Caravan Serai, stendi. Waliopo chuo cha sanaa, geti la TaSUBa. Kisha mpigie dereva umtajie ulipo kwa mdomo.

Hatua ya 4. Piga hesabu ya mafuta kabla ya kulalamika bei. Kwenda Dar na kurudi weka kilomita 130. Gari dogo la aina ya IST, likiwa na AC na foleni ya Tegeta, linakwenda kilomita 12 au 13 kwa lita. Ni lita 10 na kidogo. Zidisha kwa bei ya EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, ile inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Hapo umepata mafuta peke yake; bado kamisheni ya programu, bado hesabu ya bosi mwenye gari. Kwenye zile programu ambazo abiria anataja bei mwenyewe, ukitaja chini ya mafuta simu yako itakaa kimya mpaka magharibi.

Hatua ya 5. Kurudi. Hii soma mara mbili, kwa sababu hapa wanaumia hata wazoefu.

Chukua familia inayotoka Mbezi Beach kuja kutembea. Wanamwambia dereva, "Tunaangalia magofu ya Kaole nusu saa, halafu turudi." Dereva akifika Kaole anafunga safari, maana kwenye simu wameshafika. Nusu saa inakuwa saa mbili. Wakitoka watoto wana njaa, wanataka samaki. Wakishakula, baba anakumbuka makumbusho ya Misheni. Jua linazama. Dereva anadai ya kusubiri, baba anasema "si tulikubaliana?" Mlikubaliana nini? Hakuna aliyetaja shilingi wala saa. Nimeona watu wazima wakitoleana maneno mbele ya watoto, kwa jambo lililohitaji dakika mbili za mazungumzo pale Mbezi.

Njia ziko mbili, na mnachagua kabla gari halijaondoka. Ya kwanza: Kaole iwekwe kama kituo cha katikati na mwisho wa safari uwe kule mnakorudi. Safari haifungwi, na dakika za kusubiri zinaingia kwenye bili. Inafaa ukiteremka kuchukua mzigo au kumsalimia bibi mlangoni. Kwa matembezi ya mchana kutwa haifai, bili inapanda wewe ukipiga picha. Ya pili: safari ya kuja ifungwe na ilipwe mkifika, halafu kusubiri na kurudi mkubaliane wenyewe, kiasi kikatajwa, saa ya kuondoka ikatajwa, na yote yakaandikwa kwenye ujumbe wa simu. Mfano: "Kusubiri hadi saa 11 jioni na kuturudisha Mbezi Beach, kiasi fulani. Kila saa itakayozidi, kiasi fulani." Dereva ajibu "sawa". Neno hilo moja likiwa limeandikwa, ugomvi hauna pa kuanzia.

Tahadhari zake:

Makubaliano ya pembeni hayamo kwenye programu. Likitokea la kutokea, kumbukumbu yako ni ule ujumbe tu. Basi mtumie ndugu namba ya gari na jina la dereva kabla hamjaanza kurudi.

Usilipe ya kurudi kabla hujarudi. Na wewe dereva, pokea ya kuja kabla hujazima injini.

Dereva akikwambia "kansel twende nje ya mtandao" kwa safari ya kwenda tu, kataa. Hapo hakuna cha kurudi wala kusubiri, anakwepa kamisheni na wewe ndiye unayepoteza kumbukumbu ya safari.

Hatua ya 6. Namba ya gari ilingane na ya kwenye simu. Kibao cheupe ni gari la biashara, cha njano ni la binafsi. Hailingani, hupandi.

Hatua ya 7. Ukilipa kwa simu, tuma na ya kutolea, yaani makato ya dereva akienda kuchukua taslimu. Ukilipa taslimu, noti ya elfu kumi kwa safari ya elfu tatu saa 12 asubuhi ni uchokozi.

Haya, ulizeni.

MASWALI

Mama Zuu: Ahsante sana mdogo wangu. Mwanangu anasafiri nje ya nchi, ndege saa 12 asubuhi. Tutoke Bagamoyo saa ngapi?

Mwandishi: Shikamoo dada. Ndege ya nje awe ameshafika uwanjani saa tatu kabla, yaani saa 9 usiku. Usiku barabara iko wazi, lakini msijidanganye, kuna malori na matuta, na 50 kwa saa kwenye makazi ni 50 hata kama watu wamelala. Tokeni saa 7 usiku. Angalia tiketi ni jengo la ngapi, maana jengo la 2 na la 3 hayatazamani, na kukosea hapo ni kukimbizana na mabegi. Ada ya geti la uwanja mkubaliane na dereva mapema nani anailipa. Na dereva mpate leo, siyo usiku huo.

Kapteni wa Zinga: Mkuu nauli Bagamoyo kwenda Mlimani City bei gani?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kapteni wa Zinga: Nimesoma sijaona bei.

Mwandishi: Bei sikuandika, niliandika hesabu. Mafuta yakipanda mwezi ujao utakuja kunionyesha bei niliyoandika leo. Chukua kalamu.

Ngoma Nzito: Kaka mimi mwanafunzi hapa TaSUBa. Nasafiri na ngoma mbili kubwa kwenda kwenye shughuli Mikocheni, na hela ndiyo hiyo ya wanafunzi. Kuna ujanja wowote?

Mwandishi: Upo, na ni mzuri kuliko wote humu. Safari igawe. Panda daladala ya Makumbusho, mwambie konda mapema una ngoma, atakutajia ya mzigo. Shuka Tegeta au Mbezi Beach, magari yamejaa pale, ndiyo uite. Unakuwa umeshamaliza kipande ambacho dereva hakitaki. Hapo chagua gari lenye buti la maana, na umpigie umweleze ngoma zikoje. Akifika ndipo azione, ataanza kulalamika. Ngozi isiwekwe upande wa jua la kioo cha nyuma, lakini hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Ngoma Nzito: Ubarikiwe. Na kurudi usiku je?

Mwandishi: Swali zuri. Usiku kinyume chake: usiite gari la kwenda Bagamoyo ukiwa Mikocheni, wengi watakuruka. Wahi daladala kabla hazijaadimika. Kama shughuli ni ya kuchelewa, mwenye shughuli aweke usafiri kwenye malipo yenu tangu mwanzo.

Suka wa Goba: Unawafundisha abiria kutubana. Mara waandike ujumbe, mara wasilipe. Wewe ni dereva kweli?

Mwandishi: Soma tena, nimeandika dereva apokee ya kuja kabla ya kuzima injini. Umeruka mstari huo kwa sababu unakufaa. Ujumbe ule unakulinda wewe kabla ya abiria. Siku abiria atakaposema hakukwambia usubiri, utamwonyesha nini?

Suka wa Goba: Sawa, lakini kusubiri wengi hawalipi.

Mwandishi: Kweli, hawalipi kisichotajwa. Taja.

Binti Kerege: Naomba kuuliza, nataka kwenda Tanga. Niite gari mpaka Msata nikapandie basi huko, au nirudi Dar?

Mwandishi: Usirudi Dar, utakuwa unaenda kusini ili ufike kaskazini. Bagamoyo hadi Msata ni lami tupu, kilomita 64, unatokea kwenye barabara kuu ya Chalinze na Segera. Ila kabla ya kuita gari, mpigie wakala wa basi umuulize basi lake linapita Chalinze au linapita Bagamoyo. Yapo yanayopita huku huku, na hapo utapandia Makofia bila kumlipa mtu wa Msata. Likiwa la Chalinze ndiyo uende Msata, uwahi nusu saa kabla, na wakala ajue unapandia hapo kiti chako kisije kikauzwa njiani.

Binti Kerege: Makofia sikuwaza kabisa! Ahsante.

Mzee wa Ukuni: Hii ya kutuma na ya kutolea mimi siikubali. Dukani situmi na ya kutolea.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Dukani unalipia namba ya biashara, dereva unamtumia kwenye laini yake. Akienda kutoa, makato ni yake. Kama hutaki, mwambie mwanzo ili akubali au akatae. Wapo wasiotoa, wanalipia mafuta kwa simu kituoni, hao hawatakudai.

Mzee wa Ukuni: Marahaba. Nitamuuliza kwanza.

Dulla: Nimesahau simu kwenye gari jana, dereva hapokei. Nifanyeje?

Mwandishi: Ilikuwa ndani ya programu au pembeni?

Dulla: Pembeni, alisema tukansel.

Mwandishi: Tahadhari ya mwisho, hatua ya 5. Ndiyo hiyo. Haya, kama namba ya gari unayo nenda kituo cha polisi ukatoe taarifa, na laini yako ifunge leo kabla hujafanya lolote, maana kwenye laini kuna hela zako. Dereva endelea kumpigia kwa namba nyingine, kwa upole. Huenda bado hajajua iko chini ya kiti.

Mama Lishe Sokoni: Na samaki je? Natuma wa oda Dar, madereva wananikatalia harufu.

Mwandishi: Wana haki dada, abiria wa kesho yake ndiye anayewapa nyota moja. Safisha matumbo huku huku, barafu ya kutosha, ndoo yenye mfuniko wa kubana, na ndoo uiweke ndani ya beseni ili maji yakimwagika yasifike kwenye zulia la buti. Pweza mfunge kwenye mfuko peke yake. Mwambie dereva ni samaki kabla hajaja, na umpelekee picha ya ndoo ikiwa imefungwa. Mimi wa ndoo nabeba. Wa kiroba sibebi hata uniongezee.

Mama Lishe Sokoni: Ndoo za lita 20 zile za rangi ya ukuta zinafaa?

Mwandishi: Zinafaa kwa kubana, ila za rangi usiwekee chakula. Tafuta ya mafuta ya kula, wenye vibanda vya chipsi wanaziuza zikiisha.